Sensa ya ekzosi ikigoma kutoka, ipashe moto kwanza

Wenye magari wa Tanga naomba mnisikilize kwenye hili, hasa mnaolaza gari upande wa Raskazone ambako upepo wa bahari unapiga usiku kucha, maana naona gari inaingia gereji kubadilishwa sensa ya oksijeni tu, ile ya kwenye ekzosi inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini, inatoka imewekewa na bomba jipya la ekzosi, na sababu ni haraka ya fundi basi.

Juzi shemeji kaja na Toyota IST yake taa ya injini inawaka, tukachomeka mashine ya kusoma makosa ya gari ikaleta kodi P0135, yaani hita ya sensa ya mbele, tukacheki waya na fyuzi ziko poa, kwahiyo sensa yenyewe imekufa. Kununua mpya sio kazi, kazi kuitoa ile ya zamani. Tukaenda Mikanjuni kwa mzee mmoja namuamini sana kwenye mambo haya. Kijana wake akaingia chini, akaipiga spana, haisogei hata kidogo, akatoka anatafuta bomba refu la kuchomeka kwenye mpini wa spana. Mzee akamzuia palepale, "Mwanangu, ukiyala meno hapo tutamwambia nini mwenye gari? Ipashe kwanza."

Hapo ndo penye kazi yote. Sensa nyingi zina meno, yaani zile nyuzi za kufungia, ya M18 kwa 1.5 (kipenyo milimita 18, jino hadi jino milimita 1.5), zinaingia kwenye nati nene iliyochomelewa kwenye bomba, na pale panapata joto kali, panapoa, na maji yapo muda wote. Watu wanasahau kwamba petroli ikiungua inazaa maji, lita moja ya petroli inatoa karibu lita nzima ya maji, yanapita humohumo kwenye ekzosi kama mvuke. Safari zako zikiwa fupifupi, Chumbageni hadi Ngamiani na kurudi, bomba halipati moto wa kuyakausha vizuri. Nje nako kuna chumvi ya bahari. Kutu inajaa katikati ya meno mpaka sensa na nati zinakuwa kitu kimoja, sasa ukinyonga kwa nguvu vikiwa vya baridi ile kutu inachuna meno ya nati na hapo umeshanunua tatizo lingine kubwa kuliko la mwanzo.

Mzee alifanya hivi. Gari juu ya stendi, sio jeki peke yake. Akapuliza mafuta ya kulainisha kutu, akaacha tukanywa chai kwa utulivu kabisa. Sensa si imekufa? Akakata waya wake, ili spana ya ringi ya 22 yenye pembe sita iingie yote na ishike pande zote, maana ile soketi yenye mkato pembeni wa kupitisha waya inapanuka ukiikaza sana na inakula kona. Akafuta mafuta yote, akasogeza nyaya na plastiki, akaangalia paipu ya petroli iko wapi, ndo akawasha gesi. Moto anaupeleka kwenye nati ya bomba, sio kwenye sensa, maana unataka nati itanuke iiachie. Ilipoanza kuwa nyekundu akaipa spana, kwanza akakaza kidogo, halafu akalegeza, ikalia kriii, akarudisha, akalegeza tena, nenda rudi nenda rudi bila papara mpaka ikatoka na meno yake mazima. Nilifurahi sana jamani.

Angalizo, breki klina, ile dawa ya kusafishia breki, msiitumie kabla ya moto, zile zenye klorini zikipata joto kali zinatoa gesi ya sumu mbaya sana.

Wakati wa kufunga mpya, pitisha tapu ya M18 kwa 1.5, kile kifaa cha kuchonga meno ya nati, kusafisha meno, kisha paka grisi ya kuzuia kugandana kwenye meno tu, isiguse ncha ya sensa. Sensa nyingi mpya zinakuja zimeshapakwa, angalia kabla hujaongeza. Kukaza ni karibu Nm 40 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), haihitaji kuning'inia kwenye spana.

Na kama yako ilishang'olewa kwa nguvu na meno yameisha, usikubali kufungiwa kwa gundi, ikivuja hewa hapo sensa itasoma uongo na gari itakunywa mafuta sana. Mwambie wa kuchomelea akate ile nati aweke mpya, na waya wa hasi wa betri utolewe kabla hajagusa gari.