Mchezo wa mafuta: tulivyovuka bei za 2022 pale Buguruni

Nianze na yule mtaalamu wa semina, maana hadi leo nikimkumbuka roho inanichemka.

Mwaka 2022 tuliitwa mama lishe kwenye semina ya ujasiriamali. Soda, biskuti, bahasha ya nauli. Akasimama kijana wa tai, akatuambia bei za vitu zikipanda nasi tupandishe kulingana na mfumuko wa bei, tusiwaonee wateja haya. Nikanyoosha mkono: huo mfumuko ni kiasi gani? Akajibu takwimu zinaonyesha kama asilimia nne. Chapati yangu ilikuwa 300. Asilimia nne ya 300 ni shilingi 12. Nikamuuliza hiyo 12 mteja anipe kwa sarafu ipi, ukumbi mzima ukacheka, yeye akasema tuendelee na mada.

Wakati huo dumu la mafuta ya kupikia la lita 20, ambalo mwaka wa nyuma nililipata kwa 80,000 hivi, lilikuwa linaelekea 130,000. Unga wa ngano nao, tangu vita vya Ukraine vianze Februari, kila nikirudi dukani nakuta bei mpya. Mkaa usiseme.

Mtoto wa dada yangu kasomea uchumi Chuo Kikuu pale Mlimani, nikamfikishia kesi. Akasema, "Ma'mdogo, hakukudanganya. Kapu lao siyo kapu lako." Kumbe Ofisi ya Taifa ya Takwimu wakipima mfumuko wanachanganya kodi ya nyumba, nguo, simu, ada za shule, na vyakula havifiki hata theluthi ya hilo kapu. Ndiyo maana mwaka mzima wa 2022 ulitoka na wastani wa asilimia 4.3. Akaniambia nishukuru, Marekani mwezi Juni walifika 9.1, Uingereza Oktoba wakapita 11. Nikamwambia sawa baba, nashukuru, ila mimi nakaanga, sivai chapati.

Ushauri wa pili mbovu ulikuwa wa kila mtu: kopa, jaza stoo kabla bei haijapaa zaidi. Mwisho wa Aprili Indonesia ilipozuia mawese yasitoke nchini mwao, Buguruni nzima ikawa wataalamu wa mawese. Jirani yangu wa chipsi akachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, akajaza madumu mpaka chini ya kitanda. Mimi nikakataa. Siyo kwamba nilijua kitu, nawaogopa tu wale vijana wa marejesho ya kila siku wanaokaa kwenye benchi lako kama wateja na hawanunui hata chai. Haukuisha mwezi Indonesia wakafungua, bei ya mawese duniani ikaporomoka, na baadaye dumu likaanza kushuka hata Kariakoo. Jirani anakaangia mafuta ya bei ya zamani, marejesho yako palepale.

Sasa nieleze kilichotuvusha.

Sisi wanawake wanane tulikuwa na mchezo wa kawaida, kila mwezi kila mmoja anatoa 50,000, mmoja anapokea 400,000. Wa kwanza kupokea alinunua madumu matano ya mafuta. Wa mwisho nilikuwa mimi. Zamu yangu inafika, pesa ni ileile 400,000, kijumbe, yaani mkusanyaji wetu, kanihesabia noti kwa noti, nikaenda duka la jumla nikapata madumu matatu na chenji ya 10,000. Hakuna aliyeniibia. Ndicho kilichoniudhi, maana ungekuwepo mwizi ningepiga kelele. Usiku nikalala nawaza: mwenzangu kala matano, mimi matatu, na wote tumechanga sawa.

Kikao kilichofuata nikawaambia kwa pesa sichezi tena. Nacheza kwa lita. Kila baada ya wiki mbili kila mmoja alete bei ya lita tano, kwa bei ya jumla ya siku hiyo. Wanane mara tano ni lita arobaini, madumu mawili, anapokea mmoja. Dumu likipanda mchango unapanda, likishuka unashuka, wa kwanza na wa mwisho wote wanabeba madumu mawili. Mama wa maandazi akauliza bei ya siku anaisema nani? Swali zuri, huyo mama ana akili ya hakimu. Tukakubaliana wawili wanaenda Kariakoo asubuhi, wanauliza maduka matatu, bei ya katikati ndiyo yetu. Na tukikusanya, ni mkononi. Tangu tozo za miamala zianze Julai 2021 tulikuwa tumeshaacha kutumiana kwa simu, hata walipozipunguza.

Faida nyingine sikuifikiria mwanzoni: muuza jumla akiona wateja wa kudumu wanakuja na pesa taslimu, anaanza kukuita mama kwa heshima na kukupunguzia elfu mbili tatu. Msisahau kuomba mzigo uletwe bure.

Kelele zilikuja bei iliposhuka. Hilo sikulitegemea. Mnafikiri watu wangefurahi? Wa mwisho wawili wakanuna. Mmoja akasimama: "Nyie mlipokea madumu ya bei kubwa, sisi tunapokea ya bei ndogo. Hesabu ya pesa mmetuzidi!" Na kwa hesabu ya pesa ni kweli. Akataka turudi kwenye shilingi. Wale waliokuwa wanalaani shilingi miezi michache nyuma nusu wakamuunga mkono! Tulibishana mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Mama wa maandazi ndiye aliyemaliza: "Ulichanga lita arobaini, umepata lita arobaini. Chapati yako inakunywa lita au inakunywa noti?" Yule dada akabeba madumu yake, kanuna, ila mzunguko uliofuata alikuwa wa kwanza kuandika jina.

Upande wa wafanyakazi sasa. Mpwa wangu alikuwa ananisimulia Marekani baada ya corona watu waliacha kazi wenyewe, zaidi ya milioni 47 mwaka 2021 pekee, migahawa inatafuta wapishi kwa tochi. Nikacheka, nikadhani ni ya huko. Kisha fundi wangu wa chapati, aliyenizoea miaka, akaniaga. Anaenda Ifakara kulima mpunga. "Mama, mchele umekuwa dhahabu," anasema. Yaani bei inayonikaba mimi kwenye wali ndiyo iliyomvuta yeye aache chuma changu!

Kumpata mwingine ilikuwa shughuli. Vijana wengi wanataka bodaboda. Mmoja alikaa asubuhi moja, akaona moshi, akaenda chooni hadi leo. Aliyejua kazi kweli alitoka Mbagala, daladala mbili kuja na mbili kurudi, na Mei hiyo nauli ya 400 ilikuwa imefika 500. Yule wa zamani nilikuwa namlipa 6,000. Huyu akasema haiwezekani.

Nikamtolea mchezo uleule. Posho yako ni chapati ishirini kwa siku, kwa bei tunayouza. Nauli nakupa pembeni. Wakati huo nilikuwa nimeshafika 400, kwa hiyo 8,000. Bei ikipanda, na wewe umepanda, usije kunilalamikia. Akacheka, akavua shati, akaanza kukanda.

Mpwa akashika kichwa. "Ma'mdogo, mshahara ukifuata bei, bei itafuata mshahara, hamtakoma!" Nikamwambia wewe hujawahi kusukuma madonge mia mbili peke yako alfajiri. Lakini kuna kitu alikiona. Kila asubuhi fundi akawa ananiuliza kwa upole, "Mama, hivi bado tu mia nne?" Nikiwasha mkaa: bado mia nne? Nikihesabu unga: wenzetu wa Ilala wameshafika mia tano, mama. Nimejiajiria chama cha wafanyakazi.

Nikabadilisha kidogo. Siyo chapati ishirini tena, ni moja katika kila kumi zinazouzwa. Tukiuza mia mbili, zake ni ishirini zilezile. Tukipandisha hovyo wateja wakakimbia, na yeye anaona mfuko umepungua. Yale maswali ya asubuhi yalikata siku hiyohiyo. Nilipotaka kupanda 500 ni yeye aliyesema tusubiri mishahara itoke, na tuliposogea hatukupunguza ukubwa. Mwenye kibanda cha pili alipunguza ukubwa, wateja wakawa wanainyanyua chapati wanachungulia jua.

Siasa zote za mwaka ule zilipita kwenye benchi langu. Juni serikali ilipoanza kutoa ruzuku ya mafuta ya magari, bilioni 100 kwa mwezi, bodaboda walipiga makofi. Mpwa akasema anayefaidi zaidi ni mwenye gari kubwa la V8. Nyongeza ya asilimia 23.3 ya kima cha chini serikalini ilipotangazwa Mei, mteja wangu mmoja mtumishi alianza kuagiza supu ya nyama. Mshahara wa Julai ulipotoka akakuta yeye siye wa kima cha chini na yake ni kiduchu, akarudi kwenye chai kavu, na bado ana deni langu. Watumishi msiwakopeshe kwa tangazo, subirini waone mshahara.

Mwanzoni mwa 2023 zamu ikawa ya mchele, kilo 3,000 na zaidi. Watu wakataka mipaka ifungwe usiende Kenya, Waziri wa Kilimo Hussein Bashe akakataa, akasema mkulima naye ana haki ya kuuza panapomlipa. Fundi wangu wa zamani akanipigia kutoka Ifakara, anamsifia waziri utadhani shemeji yake. Nikamwambia mimi ndiye ninayeununua huo mchele wako, punguza furaha.

Wenzangu walitaka tuuingize mchele kwenye mchezo. Tulijaribu kupanga, ukatushinda kikao cha kwanza: mmoja anapika wa Kyela tu, mwingine anasema wateja wake hawajali harufu, anataka wa bei rahisi wenye chenga, mimi nataka wa Ifakara kwa sababu zangu. Mafuta ni mafuta, lakini kilo ya mchele siyo kilo moja. Kwa hiyo mchele kila mtu ananunua wake. Ngano ndiyo tunaijaribu sasa, maana kwa kiroba wote tunatumia aina moja.