Nusu Marathoni na Vibanda vya Chakula, Disney Florida: Ule Nini, Saa Ngapi

Mwishoni mwa Oktoba au siku za mwanzo za Novemba, Walt Disney World ya Florida hukutanisha mambo mawili yasiyopatana: mbio za nusu marathoni na tamasha la chakula la EPCOT, mojawapo ya paki zake za burudani. Mbio zenyewe zinaitwa Wine & Dine. Zilianza mwaka 2010 zikikimbiwa usiku, na mtu akishavuka mstari alikuwa anaingia moja kwa moja kwenye karamu. Mwaka 2016 zikahamishiwa alfajiri, na hapo hesabu ya tumbo ikageuka. Siku hizi vibanda vinafunguliwa saa 5 asubuhi, harufu ya nyama choma inakufuata mchana kutwa, na wewe una miadi na kilomita 21 kesho yake saa 11 alfajiri.

Aliyetoka Minneapolis, Columbus au Dallas akalipa ndege, hoteli, namba ya mbio na tiketi ya paki huona hasara kukaa bila kuonja. Anashuka Alhamisi au Ijumaa, siku hiyohiyo anapita kibanda kimoja hadi kingine, na Jumapili anatafuta choo kwenye kilomita ya nane. Jibu lake ni kupanga zamu: kabla ya mbio unakula chakula kinachochosha mdomo, baada ya mbio unakula kila kitu. Kwa hiyo, kama kazi inaruhusu, usikate tiketi ya kurudi Jumapili jioni. Kata ya Jumatatu usiku au Jumanne. Ukipata siku moja na nusu baada ya mbio, huna sababu ya kuiba ladha kabla yake.

Ratiba ya wikendi ni hii: Ijumaa kilomita 5, Jumamosi kilomita 10, Jumapili nusu marathoni. Wapo wanaokimbia Jumamosi na Jumapili zote mbili, jumla maili 19.3, na hao ndio wanaotakiwa kuwa makini zaidi maana hawana mchana hata mmoja wa kujiachia. Mbio zote huanza saa 11 alfajiri, simu itaandika 5:00. Basi la hoteli unalipanda kama saa 9 usiku. Anayemweleza ndugu aliyepo nyumbani amtajie kabisa saa anayoisema ni ya Kiswahili au ya Kizungu, la sivyo mtu atapigiwa simu ya pongezi akiwa bado kwenye foleni ya ukaguzi.

Halafu kuna saa zenyewe kurudi nyuma. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, usiku wa manane, na miaka mingine Jumapili hiyo huangukia siku ya nusu marathoni. Ilikuwa hivyo 2023 na 2024. Simu inajirekebisha yenyewe, saa ya mezani hotelini haijirekebishi. Anayeamshwa na ile ya mezani anaamka saa nzima mapema, anakula saa nzima mapema, na mstarini anafika njaa imesharudi.

Sasa chakula chenyewe. Kwa mbio za zaidi ya dakika 90, wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza wanga mwingi siku moja hadi mbili kabla, kuanzia gramu 8 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 65 anafika gramu 520 kwa siku. Kikombe cha wali uliopikwa kina kama gramu 45, ndizi mbivu ya wastani kama 27. Ukipiga hesabu utaona kuwa wali peke yake ungekuwa vikombe kumi na moja na zaidi, jambo ambalo hakuna tumbo linalolikubali. Ndiyo maana unagawa: mkate, juisi, ndizi, wali, chai ya sukari, kidogokidogo mchana kutwa. Mkimbiaji wa mwendo wa taratibu asijilazimishe kufika gramu zote hizo. Aongeze tu wanga na kupunguza mafuta, nyuzinyuzi na nyama nyingi. Maharage, ambayo nyumbani ndiyo nguvu yetu, yaache tangu mchana wa Jumamosi, maana gesi yake huanza kudai haki ukishaanza kuruka na miguu.

Ndani ya EPCOT, chakula cha kabla ya mbio kipo ukijua pa kugeukia. Paki hiyo ina mabanda ya nchi mbalimbali. Katsura Grill, upande wa Japani, inauza wali mweupe wenye kuku na tambi za udon kwenye mchuzi mwepesi, na huo ndio mlo salama kuliko yote pale. Upande wa Norwei, Kringla Bakeri og Kafe ina mkate mtamu unaoitwa School Bread: unga wake una iliki, katikati kastadi ya vanila, juu nazi iliyokaushwa. Aliyekulia kwenye maandazi ya iliki na nazi hatahitaji kushawishiwa. Ni wanga na sukari kwa wingi, basi unafaa asubuhi ya Jumamosi. Usiku wa Jumamosi uache, kwa sababu ya ile kastadi.

Vinavyoharibu mbio navyo vinajulikana. Paja la bata mzinga lililofukizwa moshi, lile ambalo kila mtu anapiga nalo picha, lina chumvi na mafuta ya kutosha familia. Linakaa tumboni muda mrefu na kukuamsha usiku kutafuta maji. Supu ya jibini ya Kanada ni nzito kwa maziwa, na wengi wetu tukishavuka utoto maziwa hatuyamudu vizuri. Vitu vya kukaanga, pilipili usiyoizoea na kamba wa kibandani vyote vingoje Jumapili mchana. Mlo wa mwisho mkubwa uwe kama saa 11 jioni Jumamosi, na saa 2 usiku uwe kitandani. Hakuna anayelala saa hiyo kwa hiari, lakini saa 8 usiku itafika tu.

Miguu nayo ina bajeti yake. Mzunguko wa World Showcase, ile sehemu yenye mabanda 11 ya nchi, ni karibu kilomita 2 kuzunguka ziwa, na ukiongeza mbele ya paki, foleni na kurudi kituo cha basi, siku nzima ya paki inafika kilomita 15 bila wewe kuhisi. Jumamosi jipe saa tatu, nne hivi, kisha ondoka. Maji usinunue. Mgahawa wowote wa kaunta unaouza soda za mashine hukupa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba. Chakula chako mwenyewe pia kinaruhusiwa kuingia, mradi hakuna chupa ya kioo, pombe wala kitu cha kupashwa moto. Kwa hiyo chapati zako mbili kwenye karatasi ya alumini hazina tatizo, na hakuna atakayekuuliza ni nini.

Mlo wa usiku wa mbio ndio unaokosewa zaidi, kwa sababu vyumba vingi havina jiko. Hoteli za bei nafuu zina friji ndogo na basi. Ugali wala uji hutapika, na kutegemea duka la hoteli saa 8 usiku ni kubahatisha. Nunua mapema, kabla hujaingia eneo la Disney: mkate mweupe, jemu, ndizi, na kama umezoea, maandazi makavu. Ukiamka, vipande viwili vya mkate vyenye jemu, ndizi moja na chai ya sukari vinakupa kama gramu 90 za wanga, nazo zinamtosha mtu wa kilo 65. Maji kunywa nusu lita polepole, kisha yabaki kulowesha mdomo. Kahawa kunywa kama huwa unakunywa kabla ya mazoezi. Siku ya mbio si siku ya kuijaribu.

Kuna jambo ambalo maelekezo mengi hayalisemi. Wakimbiaji wanaachiwa kwa mafungu, na fungu la mwisho linaweza kuondoka karibu saa nzima baada ya la kwanza. Ukila saa 8 na nusu usiku na kuanza kukimbia karibu saa 12 asubuhi, hicho chakula kimeshakwisha kazi. Weka mfukoni ndizi ya pili au jeli moja (kile kipakiti cha wanga cha wakimbiaji), ule ukiwa umesimama kwenye fungu lako, dakika 15 hadi 30 kabla ya kuachiwa.

Njiani, lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli moja ina kama 22 hadi 25, basi moja kila dakika 40 hivi, ukishushia na maji matupu. Usiishushie na kinywaji cha wanariadha, maana sukari juu ya sukari ndiyo inayochafua tumbo. Maji na hicho kinywaji vinagawiwa barabarani, lakini usinywe kwa woga kwenye kila meza. Florida asubuhi ya Novemba ina unyevunyevu hata jua halijatoka, kiu ikuongoze. Kikomo cha mwendo ni dakika 16 kwa maili, yaani karibu dakika 10 kwa kilomita, na nyuma wanakuja wanawake wenye maputo, wanaokwenda kwa mwendo huohuo wa kikomo. Wakikupita hao, basi la kubeba waliobaki linakaribia. Foleni za kupiga picha na wahusika wa katuni huhesabiwa humohumo kwenye muda wako. Mtu wa mwendo wa taratibu achague picha moja.

Ukishamaliza, usikimbilie kitu cha ajabu. Saa ya kwanza mwili unataka wanga kama gramu moja kwa kilo, protini gramu 20 hadi 25, na chumvi. Ndizi na kinywaji vya pale mwishoni ni mwanzo tu. Mayai na mkate, au maziwa kwa anayeyaweza, vinakamilisha. Kaoge, lala kwa muda wa saa mbili. Vibanda bado havijafunguliwa hata hivyo.

Saa 5 asubuhi ndipo karamu inaanza, na fanya haraka, kwa sababu wikendi kuanzia alasiri wenyeji wa Orlando wanafurika. Sahani za vibandani ni ndogo, midomo mitatu minne, na nyingi ni kati ya dola 6 na 10, bei ikiwa haijajumlisha kodi ya asilimia 6.5. Sahani nane zinakaribia dola 70 kabla hujanywa kitu. Mwende wawili au watatu, mnunue moja moja na kugawana, kila mtu na uma wake. Kibandani hutoi bakshishi. Mgahawa wa kukaa mezani ni asilimia 18 hadi 20. Menyu hubadilika kila mwaka. Mwaka 2021 palikuwa na kibanda cha Kenya kilichouza nyama ya ng'ombe yenye mchuzi wa kahawa, kachumbari juu na pap ya mahindi (aina ya ugali) pembeni. Nani aliyekutanisha pap ya Afrika Kusini na kachumbari hatujui, lakini sahani haikuwa mbaya.

Kwa Waislamu: ulizeni kila mara. Ile supu ya jibini ina bekoni na bia ndani yake, soseji za upande wa Ujerumani ni za nguruwe, na jina la Moroko juu ya mlango haliifanyi nyama kuwa halali. Samaki na vya mboga ndivyo rahisi, ila navyo hupikwa kwa mvinyo mara kwa mara. Dole Whip ya nanasi, kitamutamu cha baridi kama aiskrimu, haina maziwa, lakini kwenye vioski vingine huuzwa pia ikiwa imetiwa ramu, kwa hiyo taja unayotaka.

Jumatatu iende Animal Kingdom, paki nyingine ya Disney. Harambe, mji wa kubuni uliochukua sura ya miji ya pwani yetu kama Lamu, umejaa Kiswahili kwenye kuta na vibao, mpaka duka la aiskrimu linaitwa Tamu Tamu. Piga picha, ila usitegemee pilau. Ladha ya kwetu iko nje ya paki, katika hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Sanaa, upande wa Kidani Village, ina sahani ya mikate ya tanduri yenye viambatanishi tisa: chatini ya ukwaju, ya kotmiri, ya embe, achari ya kitunguu saumu, na mingineyo. Mtu wa Mombasa au Dar atajua la kufanya, akiangalia twiga dirishani. Boma, jengo la Jambo House, ni bufee ya zaidi ya dola 50 kwa mtu mzima usiku, na chakula chake kinaegemea Afrika Kusini kuliko kwetu. Vile vitamutamu vyenye milia ya pundamilia vina Amarula, watoto na wasiokunywa wavipite.

Nafasi za mezani hufunguliwa siku 60 kabla. Weka Sanaa mapema, na ukiona hutakwenda futa zaidi ya saa mbili kabla, la sivyo watakukata dola 10 kwa kila kichwa. Kama mko sita na zaidi, msisubiri wiki ya mbio. Jumatatu hiyo kila mwenye medali shingoni ana njaa ileile.