Mkopo wa nyumba Uingereza ukiwa mjamzito: barua inayobeba kila kitu

Ushauri unaotoka Kisumu na Nakuru kwenda kwa mabinti walioko Uingereza huwa ni ule ule: nyamaza, usiseme una mimba mpaka ushike funguo. Unatolewa kwa mapenzi, ila umejengwa juu ya sheria ya nyumbani. Kenya, kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mama miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili. Hati yake ya mshahara ya mwezi wa pili wa likizo inafanana na ya kabla hajajifungua, kwa hiyo benki pale Oginga Odinga Street haioni tofauti yoyote. Uingereza likizo inafika hadi wiki 52, na malipo yanashuka ngazi kwa ngazi. Ukinyamaza, karatasi zitasema kwa niaba yako, na zitasema vibaya.

Malipo ya kisheria ni asilimia 90 ya wastani wa mshahara kwa wiki 6 za kwanza. Wiki 33 zinazofuata ni £187.18 kwa wiki kwa mwaka wa 2025/26, au asilimia 90 ya mshahara kama hiyo ndiyo ndogo. Wiki 13 za mwisho hakuna kitu. Wauguzi wa NHS (huduma ya afya ya serikali ya Uingereza), ambao ni wengi kati yetu, wana mpango bora wakitimiza miezi 12 ya utumishi mfululizo kufikia wiki ya 11 kabla ya wiki ya kujifungua: wiki 8 mshahara kamili, wiki 18 nusu mshahara pamoja na malipo ya kisheria, wiki 13 za malipo ya kisheria pekee, kisha wiki 13 bila malipo. £187.18 kwa wiki ni kama £811 kwa mwezi. Mkopeshaji akitazama hati zako 3 za mwisho bila maelezo, ataona mtu wa £811.

Kinachomwondoa mkopeshaji kwenye hesabu hiyo ni barua ya mwajiri. Wakopeshaji wengi hukubali kuhesabu mshahara utakaorudi nao, bora uthibitishwe kwa maandishi. Iombe ofisi ya wafanyakazi kabla hujaanza likizo, maana ukishaondoka wodini barua pepe zako hukaa wiki nzima bila kujibiwa. Iwe kwenye karatasi yenye nembo, itaje cheo chako, aina ya mkataba, siku likizo inapoanza, siku ya kurudi, saa za kazi na mshahara wa msingi, na iwe na jina na simu ya mtu anayeweza kupigiwa. Sentensi inayofanya kazi ni hii: "Atarejea kazini Jumatatu tarehe 2 Machi 2026, saa 37.5 kwa wiki, mshahara wa msingi £31,000 kwa mwaka." Inayoharibu ni hii: "Anatarajiwa kurejea baada ya likizo." Haina tarehe, haina saa, na faili lako litarudishwa. Ambatanisha hati za mshahara za miezi 3 ya kabla ya likizo pamoja na P60, yaani hati ya mwajiri ya mapato na kodi yako ya mwaka.

Saa za kazi ndizo zinazoamua, kuliko ujauzito wenyewe. Wakopeshaji wengi huishia karibu mara 4.5 ya mapato ya mwaka. Kwa £31,000 hiyo ni £139,500. Ukirudi siku 3 kati ya 5, yaani saa 22.5, mshahara ni £18,600 na mkopo ni £83,700. Zimepotea £55,800 kwa siku 2 za wiki. Kaeni na mume mlimalize hilo kabla ya kwenda kuona nyumba. Na ukijua utarudi siku 3, usiandikishe 5. Kudanganya kwenye fomu ya mkopo ni jinai, na £139,500 kwa riba ya asilimia 5 kwa miaka 30 ni karibu £749 kila mwezi. Mshahara wa siku 3 hauubebi mzigo huo pamoja na mtoto.

Je, lazima useme una mimba? Ukiulizwa kama unatarajia mapato au matumizi yako yabadilike, sema kweli. Sheria ya Usawa ya 2010, inayotumika England, Wales na Scotland, inakataza kukutendea vibaya kwa sababu ya ujauzito. Mkopeshaji anaruhusiwa kupima kama utaweza kulipa, haruhusiwi kukufungia mlango kwa sababu ya tumbo. Akikukatalia kwa sababu hiyo, omba sababu kwa maandishi, peleka malalamiko kwake, na zikipita wiki 8 au jibu lisikuridhishe, nenda Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya benki na wakopeshaji. Ni bure.

Mkopeshaji ataangalia pia pengo la mapato. Ikiwa nyumba itakamilika ukiwa umebaki na miezi 5 ya malipo madogo, onyesha akiba ya kuziba miezi hiyo, tuseme £3,745 (£749 mara 5), mbali na kianzio, yaani pesa unayotanguliza kununua nyumba. Watu huweka kila senti kwenye kianzio, kisha wanakwama hapa.

Kwa mwenye viza isiyoruhusu msaada wa serikali: malipo ya kisheria ya uzazi si msaada huo, yachukue bila woga. Lakini Child Benefit, posho ya serikali kwa ajili ya mtoto, hupati, wala saa za bure za kulelea mtoto zinazotolewa kwa wazazi wanaofanya kazi, kama nyote wawili mna viza ya namna hiyo. Gharama ya nasari itaingia nzima kwenye hesabu ya mkopeshaji.

Halafu kianzio kutoka nyumbani. Ukiuza ploti Mamboleo au Lanet, wakili wa Uingereza atataka mkataba wa mauzo, taarifa ya benki inayoonyesha pesa zikiingia, na karatasi ya kuzihamisha. Zipitishe njia moja tu. Mzazi akikupa zawadi, aandike kwamba si mkopo na kwamba hadai sehemu ya nyumba, kisha aambatanishe kitambulisho na taarifa yake ya benki. Harambee ndiyo inayosumbua: wachangaji 40 wanaweza kudaiwa barua 40. Mjomba akizikusanya na kusema ni zake, taarifa yake itaonyesha miamala 40 ya M-Pesa ndani ya wiki moja, na wakili atasimamisha kila kitu. Fedha za harambee zibaki kwa ajili ya kitanda cha mtoto na nepi.

Mkopo wa Sacco uliochukuliwa Kakamega ili kuwa kianzio ni deni, hata kama analipa dada yako. Ukiwa kwa jina lako, utaje. Vivyo hivyo ile £150 unayomtumia mama kila mwezi: inaonekana kwenye taarifa yako, kwa hiyo iandike mwenyewe kwenye matumizi kabla hujaulizwa.