Kipande Kimoja cha Doti

Mwezi wa Agosti 2016, mimi na mume wangu tulimleta nyumbani kwetu Mombasa mtoto wa kiume wa wiki kumi, ambaye tulitakiwa kukaa naye miezi mitatu mfululizo kabla ya kuruhusiwa kupeleka Mahakama Kuu ombi la kumwasili. Sheria ya Watoto ya wakati ule, ile ya mwaka 2001, haikuruhusu mipango hiyo ianze kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Alikuja na kopo la maziwa, chupa mbili, kadi ya kliniki na kanga moja iliyopauka, ambayo mama mzazi aliomba isitenganishwe naye.

Usiku ule alilia mpaka tulipomfunika kwa kanga hiyo, na alipolala nikampiga picha nikaiweka Facebook. Chini yake niliandika kwamba tulikuwa tumesubiri miaka tisa, kisha nikataja mji aliozaliwa na tarehe yake, kana kwamba habari hizo zilikuwa zangu. Pongezi zilimiminika hadi usiku wa manane. Wengi waliandika kwamba tumemwokoa, neno lililonikera, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anazama.

Saa moja asubuhi afisa aliyeshughulikia faili letu alinipigia simu.

“Hongera, Mama,” alisema. “Sasa nakuomba uitazame tena ile picha, lakini usimtazame mtoto.”

Niliitazama. Kando ya shavu lake maandishi ya kanga yalisomeka yote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

“Kwao hawajui kwamba alijifungua,” aliendelea kwa upole ulioniumiza kuliko karipio. “Na kanga, Mama, huuzwa kwa doti. Hicho ulicho nacho ni kipande kimoja.”

Niliifuta picha pale pale, lakini binamu yangu aliyeko Dubai alikuwa ameshaituma katika kundi la WhatsApp la ukoo, na kutoka huko haikujulikana ilikofika. Kwa siku mbili, mtoto begani, niliwapigia simu jamaa mmoja mmoja nikiwasihi waifute. Wengi walikubali. Shangazi yangu aligoma.

“Mwanangu, mtoto hafichwi kama bangi,” alisema.

Nilikosa jibu, kwa sababu kuhusu mtoto alikuwa na haki: majirani wote walijua alivyotufikia, na yeye mwenyewe tulikusudia kumweleza mapema, asije akaambiwa na watu wa njiani. Nilichokuwa nimekianika ni siri ya mwanamke aliyeniamini bila kunijua, na hilo sikuweza kumfafanulia shangazi bila kuianika tena.

Ombi letu lilisikilizwa mwaka uliofuata, chumbani kwa jaji, bila hadhira. Tulipotoka mume wangu alitoa simu yake, akamtazama mtoto, akairudisha mfukoni.

Kanga ile iko ndani ya sanduku, na mwanangu huifungua apendapo. Alipojua kusoma aliyasoma maandishi yake kwa sauti, herufi kwa herufi, akaniuliza maana yake, nami nikamweleza, hapa sitayaandika. Kisha akauliza kipande cha pili kiko wapi. Nilimwambia kwamba kiko kwa mwenyewe.