Nani anamlipa nani: nilivyojifunza maneno ya benki

Mkopo wangu wa kwanza niliusaini ndani ya dakika kumi. Ofisa mikopo, kijana mpole mwenye haraka zake, alinigeuzia karatasi akawa ananionyesha kwa kidole: "Hapa dada, hapa, na hapa." Nikasaini. Maneno matano hivi sikuyajua, lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mtu mzima hapendi kuonekana hajui mbele za watu.

Miezi sita baadaye nikapata hela, nikarudi nimalize deni. Kichwani nilishapiga hesabu: nusu ya muda imepita, basi nusu ya riba nitasamehewa. Kijana akatazama kompyuta yake, akaniambia kwa upole uleule kwamba riba yangu ni ya mwaka mzima, nilipe leo au nilipe mwishoni. "Ipo kwenye mkataba, dada." Kweli ilikuwepo, ukurasa wa tatu: riba isiyopungua.

Usiku ule nilichukua daftari nikachora safu nne: neno, nani anamlipa nani, kiasi gani, lini. Neno ambalo sikuweza kulijazia safu zote nililihesabu kuwa silijui, hata kama nalitamka vizuri.

Nilianza na hilo lililonichoma. Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 12 kwa mwaka. Kwa riba isiyopungua, wanakokotoa asilimia 12 ya mkopo wote, yaani 144,000, wanaijumlisha na deni la msingi, kisha wanagawa kwa 12. Unalipa 112,000 kila mwezi. Kasoro yake ni kwamba ukifika mwezi wa kumi umesharudisha sehemu kubwa ya hela yao, lakini riba unatozwa kana kwamba bado unayo yote mfukoni. Riba inayopungua inakokotolewa kila mwezi juu ya deni lililobaki tu. Mkopo uleule, asilimia ileile 12, rejesho linakuwa kama 106,600 kwa mwezi, na riba ya mwaka mzima haifiki 80,000. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea. Ukiigeuza riba yangu ya kwanza iwe ya kupungua, ilikuwa zaidi ya asilimia 21.

Halafu ada. Katika ule mkopo walikata asilimia 3 ya kushughulikia maombi kabla hata sijaondoka dirishani, kwa hiyo nilipokea 1,164,000 huku riba ikihesabiwa juu ya 1,200,000. Tangu hapo neno "ada" nalitazama kwa jicho la pembeni. Mikopo ya simu ndiyo inalipenda zaidi: haikuambii riba, inakuambia ada ya asilimia 10, ulipe ndani ya siku 30. Inaonekana ndogo. Lakini asilimia 10 kwa mwezi, ukizidisha tu kwa miezi 12, ni 120 kwa mwaka. Safu ya "lini" ndiyo iliyonifumbua macho hapo.

Salio halisi na salio linalopatikana sikukaa nalo sana: la kwanza linahesabu hata hela ambayo benki bado inaizuia, kwa mfano ya hundi ambayo haijaiva, la pili ndilo unaloweza kutoa leo.

Mdhamini ndiye aliyeniletea ugomvi. Shemeji alikuja na fomu, akasema ni sahihi tu, "kunishuhudia". Nikafungua daftari mbele yake nikajaza: mimi nailipa benki, deni lililobaki pamoja na riba na adhabu, siku yeye atakaposhindwa. Nikamwuliza, shemeji, hii ni kushuhudia? Alininunia wiki kadhaa. Sikusaini.

Na neno dhamana lenyewe lina visa vyake. Benki wanaposema dhamana wanataka nyumba au gari watakalouza ukishindwa kulipa. Jirani aliponishauri ninunue dhamana za serikali nilishtuka, nikadhani natakiwa kupeleka hati ya kiwanja mahali. Kumbe hapo mambo yamegeuka: serikali ndiyo inayokopa, na mimi ndiye mkopeshaji. Kwa mara ya kwanza safu ya pili ya daftari ikasoma "wananilipa mimi". Hatifungani ni hivyohivyo, iwe ya serikali au ya kampuni: riba kwa tarehe zilizopangwa, na mtaji wako siku ya kuiva, yaani muda wake ukiisha. Ila ukitaka kuiuza kabla haijaiva, bei inategemea soko. Kama yako inatoa asilimia 10 na mpya zinatoa 12, hakuna atakayeichukua yako bila kupunguziwa.

Amana ya muda maalumu, yaani hela unayoiacha benki kwa muda mliokubaliana ili wakulipe riba, ilikuwa rahisi kujaza, ila chini yake niliandika kwa wino mwekundu: mfumuko wa bei. Benki ikinipa asilimia 8 na bei za vitu zikapanda asilimia 6, nilichopata kwa kweli ni kama asilimia 2, na kodi bado haijakatwa.

Kwenye hisa daftari likanishinda. Kampuni inanilipa gawio, yaani mgao wa faida yake, sawa. Kiasi gani? Lini? Nilikaa na kalamu mkononi hadi nikaelewa kwamba visanduku vile viwili vinatakiwa kubaki vitupu. Mwenye hisa ni mwenye sehemu ya kampuni, na hakuna aliyemwahidi kitu. Nilinunua chache tu, kwa hela ambayo haina kazi nyingine.

Mwaka uliofuata nilihitaji mkopo tena, 1,200,000 ileile kwa miezi 12. Taasisi moja ilinitangazia asilimia 12 isiyopungua, nyingine asilimia 15 inayopungua. Nikamwomba ofisa wa hii ya pili anichapie jedwali la marejesho, mwezi kwa mwezi. Akashangaa kidogo, akachapa. Nikajumlisha safu ya riba palepale dirishani, kwa kalamu yake: 99,700 na ushee, dhidi ya 144,000 za wale wa 12. Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikajumlisha tena.