iPhone tatu, bajaji mbili

Leo nimekwama saa nzima kwenye sentensi ya maneno mawili. Natafsiri maelekezo ya simu, na mteja ameagiza: jina la bidhaa lisibandikwe kitu, mbele wala nyuma.

Kwa Kiingereza namwelewa. Apple huandika iPhone tupu, bila "the". Mwaka 2016 Phil Schiller, aliyekuwa akisimamia masoko yao, alisema majina ya bidhaa zao hayahitaji hata wingi. Mtu aseme ana Macintosh tatu, basi. Nilicheka. Sisi ndivyo tusemavyo siku zote: iPhone moja, iPhone tatu. Ngeli ya simu imetupokelea mgeni bila kumbadilisha nguo. (Shangazi yangu tu ndiye husema "hayo maiphone yenu", na ile ma- yake ni matusi matupu.)

Woga wao una sababu. Jina la bidhaa likizoeleka mno, mwenyewe hunyang'anywa haki ya kulimiliki peke yake. Huko Marekani aspirin iliponyoka mwaka 1921, escalator 1950, thermos 1963.

Lakini sentensi yangu bado: niandike "Washa iPhone" au "Iwashe iPhone"? Nikisema nimeona bajaji, ni bajaji yoyote iliyopita. Nikisema nimeiona bajaji, wewe na mimi tunajua ni ipi, labda ile iliyokugonga kioo jana. Kumbe hatukukosa "the", tumeimeza ndani ya kitenzi. Mteja analinda mlango wa mbele, nasi tumeshapita uani! Nikaandika "Iwashe", kwa kuwa msomaji ameishika mkononi, hakuna nyingine inayozungumzwa. Kisha nikaiangalia ile i ya ngeli ikitazamana na i ya iPhone, nikahisi mhariri atadhani nimekosea chapa. Nimeiacha hivyohivyo.

Jioni kituoni palikuwa na bajaji mbili. Nikamuuliza kijana mmoja, "Hii bajaji yako ni mpya?"

"Ndiyo, dada. Hii ya TVS, ile ya mwenzangu ndiyo Bajaj yenyewe."

Kampuni mbili za India, washindani kabisa, na moja imebeba jina la mwenzake mitaani kwetu bila kinyongo. Nikapanda ya TVS. Ilikuwa na spika kubwa kuliko injini.