Mtoto wa Ujiji kwenye viota vya kasa

Nimerudi Ujiji juzi, kila mtu ananiuliza eti umeacha ziwa lako Tanganyika ukaenda kulinda kobe baharini, dagaa wamekushinda? Bibi ndo kacheka mpaka basi. Nilikuwa Mafia jamani, kisiwa cha Juani, najitolea na wanakijiji wanaolinda viota vya kasa. Kazi yenyewe ni kutembea ufukweni alfajiri unatafuta alama, kasa akipanda mchangani anaacha mburuzo kama tairi la trekta, ukiufuata unakuta kiota, mayai mia na kitu, meupe, duara, yanabonyea kidogo ukiyashika. Kiota kikiwa karibu na maji kinahamishwa, na yai huligeuzi hata kidogo, ukiligeuza kilichomo ndani kinaweza kufa. La kwanza nililibeba mikono inatetemeka, mzee mmoja akaniambia "taratibu mwanangu, hilo si embe." Watoto wa kasa wanatoka baada ya siku kama 60 hivi. Na mchanga ukiwa wa moto wengi wanakuwa majike, hiyo ndo iliniacha hoi!

Halafu nikakumbuka 2024 ziwa letu lilivyofungwa miezi 3 tusivue ili samaki wazaliane, jinsi tulivyolalamika pale mwaloni Kibirizi, na mimi nikiwa wa kwanza.